Yaliyomo Yanayojiandika: Namna ya Kutengeneza Orodha ya Yaliyomo ya Tasnifu kwa Kompyuta

Tasnifu iliyotufanya tuandike makala hii ilikuwa nzuri. Mwandishi wake alikuwa amekusanya methali za wavuvi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, akazichambua kwa makini, na msimamizi wake alikuwa ameridhika. Nakala nne zilikuwa zimekwisha kujalidiwa kwa jalada gumu la buluu lenye maandishi ya rangi ya dhahabu. Siku ya utetezi, mtahini alifungua ukurasa wa Yaliyomo. Mahali palipostahili kuwa na namba za kurasa alikuta sentensi moja ya Kifaransa iliyorudiwa mara kumi na moja: "Erreur ! Signet non défini." Tasnifu ya Kiswahili, kuhusu methali za Kiswahili, ilikuwa inaanza kwa makosa kumi na moja ya Kifaransa. Watu walicheka ukumbini. Mwanafunzi yule hakucheka. Alilipa upya uchapaji na ujalidi wa nakala zote nne, na fedha alizolipia ndizo alizokuwa ameziweka kwa ajili ya nauli ya kurudi kwao.

Kosa lile hatuwezi kumtwika yeye peke yake. Sisi walimu humwambia mwanafunzi kwamba tasnifu sharti iwe na Yaliyomo, humwonyesha mfano wa karatasi, kisha tunamwacha. Wengi wetu tulijifunza kuandika kwa mashine ya taipu, ambayo orodha iliandikwa siku ya mwisho kabisa, baada ya kurasa zote kuhesabiwa kwa kidole. Kwa sababu hiyo tunaichukulia kompyuta kana kwamba ni taipu iliyoongezewa kioo. Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi kompyuta inavyoweza kuandika Yaliyomo yenyewe, kwa nini wakati mwingine inashindwa, na jambo ambalo sisi wenyewe hatukulitarajia tulipoanza kuwafundisha wanafunzi wetu kazi hii.

Kwanza, neno lenyewe

Wanafunzi wengi huandika "Yaliomo". Tuwakumbushe kwamba neno hili ni kishazi kilichogeuka kuwa jina: mambo ya-li-yo-mo, yaani mambo ambayo yamo ndani. Kiambishi ya- ni cha ngeli, -li- ni kitenzi kishirikishi, -yo- ni kirejeshi, na -mo huonyesha mahali pa ndani. Kirejeshi kikipungua herufi yake, neno limevunjika, tena limevunjika kwenye ukurasa ambao kila mtahini huufungua kwanza.

Wako pia wanaochanganya yaliyomo na faharasa. Kwa matumizi ya leo, yaliyomo hufuata mpangilio wa kitabu na hukaa mwanzoni. Faharasa hufuata alfabeti na hukaa mwishoni. Lakini mkanganyiko huu una historia yake. Faharasa ni neno lenye asili ya Kiarabu, na katika Kiarabu fihris huweza kuwa orodha ya yaliyomo vilevile. Ibn al-Nadim wa Baghdad alikiita kitabu chake Al-Fihrist, na humo aliorodhesha vitabu vya Kiarabu alivyovijua hadi karibu mwaka 987. Warumi nao walikuwa na utaratibu wa namna hii mapema zaidi. Plinio Mkubwa alipomaliza kitabu chake kikubwa cha mambo ya asili mnamo mwaka 77, alikigawa katika vitabu 37, na kitabu cha kwanza chote akakifanya orodha ya yaliyomo katika vingine 36. Alimweleza Tito, ambaye baadaye alikuwa mfalme, kwamba orodha ile ingemwokoa asilazimike kuvisoma vyote. Kwa hiyo mtahini anayefungua Yaliyomo kabla ya kusoma chochote yuko katika mila ya kale sana.

Hapa kwetu Burundi kuna jambo jingine. Wengi wetu tumesoma vitabu vya Kifaransa, na kwa desturi ya Kifaransa muhtasari mfupi wa sura huwekwa mwanzoni, na orodha kamili yenye vijisehemu vyote huwekwa mwisho wa kitabu. Wenzetu wa Tanzania na Kenya hufuata desturi ya Kiingereza, wakaiweka orodha kamili mwanzoni. Mwanafunzi atakayesoma tasnifu za pande zote mbili hujiuliza afuate ipi. Sisi tumechagua orodha moja, mwanzoni. Hata hivyo, anayetakiwa kuweka zote mbili asiogope: vichwa vilevile vinaweza kuzaa orodha fupi na orodha ndefu katika faili moja.

Mashine haitazami umbo

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Mwanafunzi anapoandika "Tatizo la Utafiti", akalikoza, akaongeza ukubwa wa herufi hadi 14 na kulipigia mstari, macho yetu huona kichwa cha habari. Kompyuta haioni kichwa. Inaona aya fupi ambayo herufi zake ni nzito. Kwayo, aya ile haitofautiani na sentensi yoyote ambayo mtu ameikoza ili kuitilia mkazo.

Walimu wa sarufi wataelewa haraka tukitumia mfano wa ngeli. Tukitazama umbo, kifaru anafanana na kitabu na kikombe. Lakini hatusemi "kifaru kimelala". Tunasema "kifaru amelala". Ngeli yake huonekana katika upatanisho, si katika kiambishi kilicho mbele ya macho. Kompyuta nayo ina ngeli zake. Kila aya katika faili hubeba jina la mtindo, hata kama mwandishi hajui. Aya ya kawaida huwa na mtindo wa "Normal". Kichwa cha sura hupewa mtindo wa "Heading 1", ambao katika kompyuta zenye Kifaransa huitwa "Titre 1". Kijisehemu hupewa "Heading 2", na kilicho ndani yake "Heading 3". Microsoft Word ina ngazi tisa za namna hii, ingawa hatujaona tasnifu iliyohitaji zaidi ya nne. Unapoiagiza kompyuta iandike Yaliyomo, hupita ndani ya faili toka mwanzo hadi mwisho, ikaokota kila aya yenye mtindo wa kichwa, ikauliza iko ukurasa gani, ikaiandika. Herufi nzito haikuulizwa.

Kazi ya mikono basi ni ndogo. Weka kipanya juu ya kichwa cha sura, nenda kwenye "Home" (au "Accueil") juu ya kioo, na katika kisanduku cha mitindo bofya "Heading 1". Fanya hivyo kwa kila kichwa, ukizingatia ngazi yake. Wengi huishia njiani hapa, kwa sababu mara wakibofya, kichwa hugeuka rangi ya buluu na kuchukua fonti wasiyoipenda. Wanakifuta, wanarudi kwenye kukoza kwa mkono. Wasirudi. Bofya jina la mtindo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Modify" (au "Modifier"), kisha weka fonti, ukubwa na rangi nyeusi unavyotakiwa na idara. Vichwa vyote vya ngazi ile vitabadilika pamoja, hata vikiwa sitini. Na siku idara itakapoamua kwamba vichwa vya sura viwe katikati ya ukurasa, utafanya badiliko moja.

Vichwa vikishapewa mitindo, weka kipanya mahali unapotaka orodha ikae, nenda kwenye "References", bofya "Table of Contents", uchague mojawapo ya orodha zinazojiandika. Orodha itatokea ikiwa na ngazi tatu, na nukta zinazokwenda sambamba hadi kwenye namba. Zile nukta ambazo watu huzibonyeza moja moja, zikakataa kulingana kwa sababu herufi hazina upana mmoja, hazihitajiki tena. Juu yake kompyuta itakuwa imeandika "Contents" au "Table des matières". Futa, andika YALIYOMO.

Wasio na Word watumie LibreOffice, ambayo hutolewa bure. Mitindo ni ileile, na orodha hupatikana kwenye menyu ya "Insert", chini ya "Table of Contents and Index". Kisanduku cha kwanza kitakachofunguka kinakuuliza jina la orodha, na hapo utaandika Yaliyomo. Tunaipenda programu hii kwa sababu moja zaidi: usipoiambia vingine, huifunga orodha isihaririwe kwa mkono. Tukumbuke pia kwamba OpenOffice, ambayo LibreOffice ilitokana nayo mwaka 2010, iliwahi kutolewa kwa Kiswahili na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, kwa jina la Jambo OpenOffice. Menyu zote zilikuwa kwa lugha yetu. Ni huzuni kwamba leo tunafundisha Kiswahili kwa kubofya "Accueil".

Yale makosa kumi na moja yalitoka wapi

Namba ya ukurasa haikai ndani ya kichwa. Hutegemea mambo mengi yaliyokitangulia: ukubwa wa karatasi, fonti, nafasi kati ya mistari, picha. Ndiyo maana kompyuta haiwezi kuijua kabla ya kuupanga waraka wote. Wanaotumia LaTeX wanalijua hili vizuri: mara ya kwanza programu huandika vichwa na kurasa zake katika faili la pembeni, na mara ya pili ndipo huchukua faili lile na kujaza orodha. Ukiiendesha mara moja tu, orodha huwa tupu au ya zamani. Word hufanya kazi kama hiyo kimyakimya. Inapotengeneza orodha, hutia alama ya siri kwenye kila kichwa, na kila mstari wa orodha hushikamana na alama yake. Alama hizo ndizo Kifaransa cha kompyuta kinaziita "signet".

Sasa tumrudie mwandishi wetu. Orodha yake ilikuwa sahihi wiki tatu kabla ya utetezi. Msimamizi akamtaka abadilishe vichwa vya sura ya tatu na ya nne. Yeye akavifuta kabisa na kubandika vingine kutoka katika faili jipya. Alama za siri zikaenda pamoja na vichwa vilivyofutwa. Akabeba flashi yake hadi kwenye kibanda cha kuchapa na fotokopi, ambako kompyuta ilikuwa imewekwa isasishe namba za kurasa kabla ya kuchapa. Ikazitafuta alama kumi na moja, haikuziona, ikasema ukweli kwa lugha iliyowekewa. Hakuna aliyeutazama ukurasa ule kabla ya kujalidi.

Dawa ilikuwa kubofya mara mbili tu. Ukibofya orodha kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Update Field" (au "Mettre à jour les champs"), utaulizwa kama unataka namba za kurasa pekee au orodha nzima. Chagua orodha nzima, daima. Namba pekee zinafaa pale tu ambapo una hakika hujagusa kichwa chochote, na hakika ya namna hiyo ni adimu usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Orodha ikiongezeka kutoka ukurasa mmoja hadi miwili huweza kuvisukuma mbele vilivyo baada yake, kwa hiyo sasisha tena mara ya pili.

Kuhusu vibanda vya kuchapa tuna onyo moja kubwa. Faili lililoandikwa nyumbani kwa fonti fulani likifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, kompyuta huchukua nyingine inayokaribiana nayo. Mistari hurefuka au kufupika, kurasa husogea, na orodha iliyokuwa sahihi nyumbani huwa ya uongo mtaani. Ama sasisha orodha kwenye kompyuta ileile itakayochapa, ama, na hili ni bora, ligeuze faili kuwa PDF kabla ya kutoka nyumbani. PDF haisogei. Unapoligeuza, fungua sehemu ya mapendeleo na uweke tiki mahali pa kuunda alamisho kutokana na vichwa. Mtahini anayesoma kwenye kioo atabofya sura anayoitaka.

Kosa jingine la mara kwa mara ni kusahihisha ndani ya orodha yenyewe. Mtu anaona "Uchambuzi wa Dta" kwenye Yaliyomo, anaingiza herufi iliyopungua palepale, anafurahi. Akisasisha, kosa linarudi. Rekebisha kichwa kule kilipo, orodha itafuata.

Tasnifu zetu zina ugumu wake

Maelekezo yaliyomo katika vitabu vya kompyuta hayakuandikwa kwa ajili ya tasnifu za Kiswahili. Sisi huandika "SURA YA KWANZA" katika mstari mmoja, na "UTANGULIZI" katika mstari wa chini. Ukibonyeza Enter katikati yake, kompyuta huhesabu vichwa viwili, na Yaliyomo huonyesha sura mbili mahali pa moja. Tumia Shift pamoja na Enter: mstari utashuka lakini aya itabaki moja.

Kisha kuna ile "1.0 Utangulizi" inayopendwa katika vyuo vingi vya Afrika Mashariki. Kompyuta ikiachiwa kuhesabu vijisehemu yenyewe huanza na 1.1, haijui sifuri. Tunakiri kwamba hatukukubaliana sote katika idara. Baadhi yetu wanaitetea 1.0 kwa sababu ndiyo waliyolelewa nayo. Waandishi wa makala hii tunaona iachwe, maana sehemu ya kwanza ya kitu ni ya kwanza, na mwanafunzi anayeandika namba kwa mkono ili kuilinda sifuri moja atazikosea namba nyingine ishirini.

Kurasa za mwanzo, yaani Tabaruku, Shukrani na Ikisiri, huhesabiwa kwa namba za Kirumi. Kabla ya Sura ya Kwanza weka mgawanyo wa sehemu, unaopatikana kwenye "Layout" chini ya "Breaks", wala usiweke mkato wa ukurasa wa kawaida. Hapo kila sehemu itakubali namba zake, na Yaliyomo yatazichukua kama zilivyo. Majedwali na vielelezo vina orodha yao: tumia "Insert Caption" kwenye "References", unda lebo mpya iitwayo Jedwali, na utaona jinsi orodha ya majedwali inavyojiandika vilevile.

Orodha ilipoanza kutusomea tasnifu

Tulipowaketisha wanafunzi wa mwaka wa tatu mbele ya kompyuta, tulidhani tunawafundisha ufundi. Walipomaliza kuvipa vichwa vyao mitindo na kuitoa orodha, kila mmoja aliona kazi yake yote katika ukurasa mmoja, wengi wao kwa mara ya kwanza. Mmoja aligundua kwamba sura yake ya tatu ina kijisehemu kimoja pekee, 3.1, kisicho na 3.2. Alikuwa ameigawa sura katika sehemu moja! Mwingine aliona maneno "Utangulizi" na "Hitimisho" yamejirudia mara tano tano, na katikati yake hapana kichwa kinachosema yeye amegundua nini. Wa tatu alikuwa na sura ya nadharia yenye kurasa nyingi kuliko sura ya data. Namba za kurasa zilimshitaki bila mwalimu kufungua kinywa.

Sarufi nayo ilijitokeza. Katika sura moja tulisoma "Uchambuzi wa Data", ikafuatiwa na "Kujadili Matokeo", kisha "Nini Maana ya Methali?" Jina, kitenzi-jina, swali, vyote katika ngazi moja. Vikiwa vimetawanyika katika kurasa arobaini havimsumbui mtu. Vikipangwa kimoja chini ya kingine, sikio hukataa.

Tangu hapo baadhi yetu tumebadili namna ya kusimamia. Mwanafunzi akileta rasimu, kabla ya kusoma aya yoyote tunafungua "View" na kuweka tiki kwenye "Navigation Pane". Vichwa vyote hujipanga upande wa kushoto. Ukikivuta kichwa kwa kipanya na kukishusha mahali pengine, sehemu yake nzima huhama pamoja nacho. Tumewahi kupanga upya sura nzima tukiwa tumekaa na mwanafunzi kwa dakika chache, akibishana nasi, akirudisha sehemu ilikokuwa, akihamisha nyingine. Mabishano hayo hayakuwa yakitokea enzi za karatasi, kwa kuwa kuhamisha sehemu kulimaanisha kuchapa upya.

Mwandishi wa methali za wavuvi alikuja kuketi katika kipindi kile ingawa alikwisha kuhitimu. Alitaka kuona kosa lake lilikuwa wapi. Tulipofungua faili lake la zamani na kusasisha orodha nzima, yale makosa kumi na moja yaliondoka kwa mpigo mmoja. Alitazama kioo kwa muda, akauliza kwa nini hatukumwonyesha mapema.

Kwa hiyo kabla ya tarehe ya mwisho ya kuwasilisha rasimu, walimu wawili wa idara watakuwa kwenye chumba cha kompyuta kila Jumatano alasiri. Anayetaka kusaidiwa alete flashi yenye faili lenyewe. Karatasi hatutaweza kuisasisha.